Mwalimu wa Matumbo wa Kinyala

Wasikilizaji wapendwa, mugonile. Kama uko Suma unakama, kama uko Igogwe unakata majani ya ng'ombe, kama umejibanza dukani hapa Tukuyu unangoja mvua ipungue, nakuomba nusu saa yako. Mimi ni Amoni Mwasulama. Sauti hii mmeizoea. Leo ni Ijumaa. Kesho Jumamosi, saa saba mchana, kule Kinyala, tunamzika Mwalimu Tupokigwe Mwaijande.

Narudia kwa aliyewasha redio sasa hivi. Mwalimu Tupokigwe Mwaijande, mwalimu wa baiolojia, amefariki Jumanne kwa ugonjwa wa figo. Alikuwa na miaka arobaini na tatu. Ameacha mume, Vicent, ambaye ni muuguzi, na binti mmoja, Ikupa, aliyeko kidato cha tatu.

Kumbukumbu hii ilikuwa isomwe na mtu mwingine. Hapa redioni tuko watangazaji watano, na wanne kati yetu walimpenda marehemu. Nimeiomba mimi, yule wa tano. Jana nilikwenda nyumbani kwake kuchukua maneno ya familia, kama tunavyofanya siku zote. Vicent alinipa kiti, akanipa chai, akanieleza habari za mkewe taratibu, bila kukosea tarehe hata moja. Nilipofunga daftari akaniuliza swali.

"Shemeji Amoni, wewe ndiye uliyemrekodi siku ile ya viazi. Hebu niambie. Mke wangu alisahau kweli?"

Nilisema, shemeji, nitakujibu kesho redioni. Akanitazama, akasema, "Haya." Kwa hiyo, wasikilizaji wapendwa, kabla sijaondoka kwenye kiti hiki nina swali moja la kujibu. Watu wa Suma na Kinyala wanalijua, maana lina miaka minne midomoni mwao. Je, Mwalimu Tupokigwe alisahau? Nitafika huko. Kwanza mumjue mtu mwenyewe.

Tupokigwe alizaliwa Kinyala, huko juu ambako asubuhi huoni zizi la jirani kwa ukungu. Baba yake alikuwa mchinjaji, mwenye bucha ya mbao njia panda. Vicent ananiambia mkewe alipenda kusimulia habari ya Jumamosi moja, akiwa na miaka saba. Baba amepasua tumbo kubwa la ng'ombe. Ndani, majani. Bado majani kabisa, unaweza kuyatambua, hili tete, hili jani la mgomba. Mtoto akaomba apasuliwe na lile tumbo dogo la mwisho. Ndani, uji. Uji wa kijani. Akamwuliza baba: "Nani kayasaga?"

Baba akacheka, akasema ng'ombe ana mashine yake. Mtoto hakucheka. Alikaa pale mpaka jioni anafungua kipande kimoja baada ya kingine, na nyumbani akachapwa kwa kulichafua gauni la kanisani.

Nani kayasaga? Swali hilo ndilo lililomsomesha. Akawa mwalimu wa baiolojia, akapangiwa mbali, akaomba kurudi kwao, akakubaliwa. Wiki nzima alifundisha sekondari. Jumamosi alifundisha nyumbani kwake, uwanjani, mtu yeyote aliyetaka kuja. Alishuka alfajiri machinjioni hapa Tukuyu, akapanda na ndoo ya matumbo, akayapanga juu ya majani ya mgomba. Watu wakaliita darasa la matumbo.

Nilikwenda mara moja, mwanzoni, kutafuta habari. Niwaambie nilichokiona. Wanafunzi walikuwa wachache. Waliojaa walikuwa wafugaji, akina mama na watoto mgongoni, wazee na makoti yao ya mvua. Mwalimu kakunja mikono ya sweta. Akainua tumbo la kwanza, lile lenye vinyweleo kama taulo, akasema: "Msimsifu ng'ombe kwa kula majani. Ng'ombe mwenyewe hawezi kuyameng'enya. Humu ndani amefuga vijidudu, mamilioni kwa mamilioni. Wao ndio wanaoyavunja majani. Ng'ombe anaishi kwa kazi yao, na wakishamaliza anawameng'enya na wao."

Mzee mmoja akasema, "Kumbe na yeye ni mfugaji." Watu wakacheka, na mwalimu akasema mzee amepata mia kwa mia.

Akaonyesha tumbo la pili, lenye vyumba vyumba kama sega la nyuki, akasema huku ndiko misumari na nyaya hunasa, kwa hiyo fagieni mabanda. La tatu lina kurasa kama kitabu, linakamua maji. La nne ndilo linalofanana na la kwetu, lina asidi. Halafu akawaita watoto wakaushika utumbo mwembamba wa ng'ombe na kuunyoosha. Ulitoka mlangoni kwake ukavuka uwanja, ukapita migomba, ukafika barabarani, na bado mwingine ulibaki kwenye ndoo. Mita arobaini kwa makadirio yake. Akasema majani ni magumu, hayatoi chakula upesi, yanahitaji njia ndefu. Paka anakula nyama, kwa hiyo wake ni mfupi, anamaliza kazi mapema na kwenda kulala. Akasema tena, na hili nalikumbuka neno kwa neno: "Chakula kilichomo tumboni bado hakijaingia mwilini. Kiko njiani tu. Kinaingia pale kinapopenya ukuta huu mwembamba kwenda kwenye damu. Ukiharisha, umekula na hukula."

Nilirudi Tukuyu nimenuna. Mtu akiniuliza kisa, sikuwa nacho.

Sasa niseme jambo ambalo mtangazaji hasemi. Mimi wakati ule nilikuwa na miaka kumi na moja ya kuendesha kipindi cha wakulima. Nilijulikana. Nikipita sokoni akina mama walinijua kwa sauti kabla hawajaona sura. Nikitangaza bei ya mbolea, watu wananyamaza. Mkubwa wangu hapa akanishauri nimwalike Mwalimu Tupokigwe, awe na dakika kumi kila Ijumaa. Sikuwa na sababu ya kukataa. Akaja.

Siku ya kwanza alizungumzia kuku. Alisema kuku hana meno, anameza changarawe, anazitunza kwenye firigisi, zinamtafunia. Ukimfungia kuku kwenye banda la saruji bila mchanga, unampa nafaka nzima, umemng'oa meno. Basi, maneno mepesi tu. Kipindi changu kilizoea kupata meseji nane, tisa. Jioni ile zilikuja sitini na kitu, na zote zilikuwa za mwalimu. "Mwalimu aongezewe muda." "Mwalimu atuambie na bata." Msikilizaji mmoja wa Suma akaandika: "Amoni leo usiingilie ingilie."

Niliisoma meseji ile mara tatu. Roho iliniuma, wasikilizaji. Sisemi ilinigusa, nasema iliniuma.

Wiki ya sungura ndiyo ilinimaliza. Alieleza kwamba sungura hutoa kinyesi laini akakila tena palepale, kwa sababu chakula chake kinaiva kikiwa kimeshapita pale pa kufyonzwa, inabidi akipitishe mara ya pili. Akasema mtoto akimwona sungura anafanya hivyo asimchape, yuko mezani. Jumapili nikaenda kumsalimia mama yangu, mama Esnath, aliyenizaa, aliyeuza kuku wake ili nisome utangazaji. Akanikaribisha, akanipa ndizi na maziwa ya mgando, akasema: "Amoni, yule binti wa matumbo anaongea vizuri fijo, vizuri sana. Wewe unapiga kelele."

Mama yangu mwenyewe.

Nikaanza vituko. Nilimpa maikrofoni yenye mkwaruzo. Nilimwambia aje saa nane, nikaanza kumrekodi saa kumi. Nilimtambulisha kwa jina la "mwalimu wetu wa matumbo" ili watu wamcheke, nao wakalipenda jina, wakalifanya cheo. Yeye hakuona lolote, au aliona akanyamaza. Akimaliza kurekodi alikuwa ananishukuru: "Ndaga, kaka Amoni." Kila mara. Na kila mara nilitamani asinishukuru. Nilikuwa na roho ya kwa nini. Kwa nini yeye? Kwa nini sauti ile isiyo na mafunzo yoyote, yenye mafua nusu ya mwaka, watu waitegee sikio, na mimi niliyesomea niambiwe nisiingilie ingilie?

Tufike kwenye viazi.

Miaka minne iliyopita viazi mviringo vilizaa kupita kiasi. Mnakumbuka. Vikubwa vilipata wateja. Vile vidogo, saizi ya yai la kuku, vilibaki marundo barazani, wafanyabiashara hawavitaki. Wakulima wakatuandikia: tuvifanyie nini? Mwalimu Tupokigwe akaja Jumatano kurekodi. Ijumaa kipindi kikaenda hewani, nusu saa hiihii. Wasikilizaji walisikia akisema kwamba viazi ni chakula kizuri cha mifugo. Walisikia akisema chagueni, vilivyogeuka kijani na vilivyoota machipukizi mtupe, vina sumu. Walisikia akisema nguruwe apikiwe, ng'ombe apewe kidogo kidogo ili vijidudu vyake vizoee. Halafu ukapigwa muziki. Ndivyo kilivyokwenda hewani, na ndicho walichosikia.

Mzee Ambindwile wa Suma alisikiliza. Mzee huyu alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, anaitwa Sekela, aliyempata kwenye kikundi cha kanisa cha kupokezana. Wengi wenu mnajua utaratibu: unapewa mtamba ambaye hajazaa; akizaa jike, unamlea, unampa jirani anayefuata kwenye foleni. Sekela alikuwa na mimba ya miezi saba. Jirani aliyefuata alishajenga banda. Mzee Ambindwile akachagua viazi kama alivyosikia, akatupa vya kijani, akaosha vilivyobaki, akamwekea Sekela kwenye chombo chake. Vidogo, vizuri, vizima.

Kiazi kimoja kilikwama kooni.

Wasikilizaji wapendwa, vile vijidudu tumboni mwa ng'ombe vinapofanya kazi hutoa hewa, hewa nyingi, saa zote. Ng'ombe lazima aicheue. Koo likizibwa, hewa haina pa kutokea. Sekela alinyoosha shingo, mate yakamtoka, ubavu wa kushoto ukavimba ukawa mgumu kama ngoma. Mzee alimsugua, akaita majirani. Bwana mifugo alikuwa upande wa pili wa kata, na mvua ilikuwa imeharibu barabara. Alipofika na mpira wake wa kupitisha kooni, Sekela alikuwa ameshakufa na ndama wake tumboni. Wakapasua koo, wakakikuta kiazi.

Mzee Ambindwile hakupiga kelele. Alisema jambo moja tu, na likafika Kinyala kabla ya jioni: "Mwalimu alisema redioni tuwape viazi. Mbona hakusema tuvikate?"

Jumatatu Mwalimu Tupokigwe alinipigia simu. Akasema, "Kaka Amoni, nakuja kusikiliza ile rekodi. Nina hakika nililisema jambo la kukata." Akaja na mvua, viatu mkononi. Akakaa kwenye kiti kile kile anachokaa mgeni, hapa mbele yangu. Nikamwambia rekodi imeshafutwa, tunafuta kila wiki kwa sababu ya nafasi. Akaniuliza, "Basi wewe ulikuwepo. Nilisema au sikusema?"

Nikamwambia, "Mwalimu, hukusema. Ulisahau."

Aliviweka viatu chini. Kisha akasema, "Basi nimemwua ng'ombe wa watu." Akavaa viatu vyake, akaniaga, akasema ndaga. Akaenda.

Kilichofuata mnakijua, lakini nakirudia, maana ndiyo maisha yake yaliyobaki. Alikuwa na mtamba mmoja zizini, alikuwa anamlea kwa ajili ya ada za Ikupa. Akamfunga kamba, akamswaga kwa miguu kutoka Kinyala mpaka Suma, akampeleka kwa Mzee Ambindwile, akapiga magoti uani akaomba radhi mbele ya watu. Mzee alimpokea. Jina baya likabaki palepale. Jumamosi iliyofuata uwanja wake ulikuwa na watu sita. Iliyofuata, wawili. Mama mmoja alimwambia usoni kwamba wao wana ng'ombe mmoja mmoja, hawawezi kumweka rehani kwa mtu anayesahau. Darasa la matumbo likafa. Redioni hakurudi tena.

Vicent amenieleza jana mambo ambayo sikuyajua. Anasema mkewe alianza kuandika kila kitu kwenye kiganja cha mkono kabla ya kuingia darasani. Kipindi cha mmeng'enyo, mada ambayo angeweza kufundisha amelala, anaandika kwenye kiganja: mdomo, koo, tumbo, utumbo. Mwanafunzi mmoja alimwuliza, mwalimu, kulikoni? Akamjibu kwamba kichwa chake kinavuja. Vicent anasema: "Tukiwa tunakula, anaacha kula. Ananiambia, lakini Vicent, mimi nakumbuka nilisema. Nakumbuka na kucheka nilicheka. Halafu anasema, labda niliota. Amekwenda na hilo, shemeji. Hata wiki ya mwisho aliniuliza."

Jana hiyohiyo, nikitoka, nilimkuta Mzee Ambindwile uani kwa marehemu. Ametoka Suma na shoka lake anapasua kuni za msiba. Nilimwomba neno la kumbukumbu. Akajifuta jasho, akasema: "Andika kwamba nilimsamehe siku ileile. Alikuwa mtu mwema. Alisahau tu, na kusahau ni ubinadamu." Nyuma yake wanaume walikuwa wanafunga maturubai, akina mama wanashusha mikungu ya ndizi, barabara imejaa watu mpaka kwenye kona. Na mimi, badala ya kulia, niliwahesabu. Nilijiuliza nikifa mimi watakuja wangapi. Amekufa, na bado nilikuwa namwonea wivu kwa wingi wa watu wa msiba wake.

Hapo ndipo nilipojua lazima niiombe kumbukumbu hii.

Vicent, shemeji yangu, sikiliza. Mkeo hakusahau. Wewe wa Suma, wewe wa Kinyala, ongeza sauti. Mwalimu Tupokigwe hakusahau. Alisema. Nilikuwa nimekaa mita moja kutoka kwake, na alisema hivi:

"Lakini ng'ombe mkatie. Msimpe kiazi kizima hata siku moja. Ng'ombe ni kama yule mama wa harusini mwenye mkoba mkubwa: pale ukumbini hali, anajaza tu, kula atakula akifika nyumbani. Ng'ombe naye anameza kwanza, kutafuna atatafuna baadaye akicheua. Sasa ukimjazia vizima, kimoja kitamkaba kabla hajafika nyumbani. Kata, vipande vidogo kama vya supu."

Akacheka. Na mimi nilicheka, wasikilizaji, nilicheka mpaka nikagonga meza. Halafu nikaacha, maana niliona kitakachotokea Ijumaa. Mngecheka wilaya nzima. Mngeurudia msemo ule sokoni, kanisani, kwenye pombe. Mama yangu angeniambia umesikia alivyosema? Miaka kumi na moja, sijawahi kusema jambo moja mkalirudia.

Alhamisi nilikaa kwenye kompyuta nikakikata kipande kile. Sikukikata kwa sababu ya muda. Muda ulikuwepo, niliujaza kwa muziki. Nilikikata kwa sababu kilikuwa kizuri. Sikufikiria Sekela wala ng'ombe yeyote. Nilifikiria ule mzaha, na onyo lilikuwa ndani ya mzaha, nikavitoa vyote viwili. Jumatatu alipopiga simu kwamba anakuja, rekodi ilikuwa bado ipo. Niliifuta akiwa njiani. Redio hii haina utaratibu wa kufuta kila wiki. Huo niliutunga mimi.

Mzee Ambindwile, ng'ombe wako nilimwua mimi. Mtamba uliyeletewa alitoka kwenye zizi la mtu asiye na kosa, na radhi uliyoombwa haikuwa yake kuiomba. Umemsamehe mtu ambaye hakukukosea. Sikuombi unisamehe mimi. Ile kazi ya kusamehe nadhani uliimaliza.

Wakubwa wangu hapa redioni wanasikiliza pamoja nanyi, hawakujua nitasema haya. Watafanya watakachofanya. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Ningeweza kusema miaka minne iliyopita, na kila wiki nilikuwa na maikrofoni mbele yangu. Nilinyamaza kwa sababu kipindi kilikuwa kimerudi kuwa changu, meseji nane, tisa, zote zangu. Nawaambia ukweli: zilikuwa tamu.

Kwa niaba ya watangazaji wenzangu, ambao hawana doa katika hili, natoa pole kwa familia ya Mwaijande, kwa Vicent, kwa walimu wenzake na wanafunzi wote waliopita mikononi mwake. Mungu aliyempa akili ile ampumzishe nayo. Wanaotoka Tukuyu, gari la msiba litaondoka saa tatu asubuhi. Mikungu ya ndizi na kuni vinapokelewa. Na wewe unayenisikiliza, ambaye kuna mtu jirani yako, kazini kwako, kwaya moja na wewe, anayefanya vizuri kile unachokifanya wewe, na ukimsikia akisifiwa mdomo unakauka: jichunguze leo, yeye akiwa hai. Usiseme ni kawaida. Mimi nilisema ni kawaida.

Nina neno la mwisho, nalo ni la Ikupa.

Ikupa, mwanangu, jana ulinifuata mpaka barabarani. Uliniuliza kama redio ina sauti ya mama yako, hata kidogo, uiweke kwenye simu. Nilikuambia nitatafuta. Nilikudanganya na wewe. Hakuna cha kutafuta. Siku ile nilipofuta rekodi ya viazi sikuishia hapo. Nilifuta ya kuku, nikafuta ya sungura, nikafuta zote, Ijumaa kumi na nne, ili mtu yeyote asije akaomba zirudiwe.

Wasikilizaji wapendwa, mlikuwa mnarekodi vipindi kwenye simu zenu, najua, maana mlikuwa mnaniambia. Kama kuna mmoja wenu, Suma, Igogwe, popote, ambaye ana simu ya zamani kabatini yenye sauti ya Mwalimu Tupokigwe, hata nusu dakika, hata kama mimi nimeingilia katikati, ichaji leo. Kesho nenda nayo Kinyala ukampe mtoto mkononi. Usiilete hapa kwangu.